Kiwango cha Ngano

Watu wa kijiji kile hawakupita mbele ya nyumba ya Getruda. Inspekta Philemon aliliona jambo hilo kabla hajaambiwa na mtu. Ilikuwa saa tatu asubuhi, ukungu umeshuka hadi vizingitini, na wanawake watatu walikuwa wakitoka kisimani na ndoo vichwani. Walipoikaribia nyumba ile waliacha njia, wakazunguka kwenye majani yaliyolowa umande, kisha wakarudi njiani mbele zaidi. Hakuna aliyemwambia mwenzake wazunguke. Walikata kona mahali peupe kabisa, kana kwamba pana ukuta ambao wao tu wanauona, na kijia cha mlangoni kwa Getruda kilikuwa kimeota nyasi.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, upande wa juu wa Tlawi, mwaka wa pili tangu operesheni ya vijiji iwakusanye watu na kuwapanga kwa mistari. Nyumba zao za zamani zilibaki ng'ambo ya bonde, zimeezuliwa, milango imeng'olewa. Ukungu ulipopasuka kidogo zilionekana zimeachama. Philemon alikuwa mtu wa Mbinga, baridi na milima havikuwa vigeni kwake, lakini nyumba zile hakupenda kuzitazama.

Alikuwa na siku mbili. Jalada lililokuwa mkobani mwake lilisema kwamba tangu Januari wagonjwa sita walifia kwenye kituo cha afya cha kijiji, na watano kati yao walikata roho mikononi mwa muuguzi mmoja. Wauguzi walikuwa watatu, zamu zao sawasawa. Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka sahihi ya Philemon ifikapo Ijumaa ili Getruda ashitakiwe kwa mauaji. Shitaka hilo adhabu yake ni moja, na kamba haina rufaa ikishakaza. Leo ilikuwa Jumatano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu ndani, afande."

Getruda alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei, amehamishiwa huku kutoka Sumbawanga, mjane asiye na mtoto. Philemon alimpa mkono. Mama yule aliutazama ule mkono kwa muda kabla ya kuupokea, kisha akaushika kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa ya moto sana kwa asubuhi ya Julai.

Philemon alifungua daftari. "Mzee wa kifua, aliyefariki Februari. Ulikuwa zamu?"

"Nilikuwepo."

"Yule mama wa uzazi?"

"Nilikuwepo."

"Mtoto wa surua?"

"Huyo nilimpakata. Nilikuwepo."

"Uliwapa dawa gani?"

"Waliokuwa wa dawa, walishapewa. Mimi niliwapa maji kwa kijiko."

"Kwa nini wanafia kwako, mama?"

Getruda alitazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu ila weupe. "Uliza wanaoishi, mwanangu. Mimi wangu hawasemi."

Philemon alitoka mle nywele zikimsimama, na hakuona aibu kulikiri hilo moyoni. Alipofika kwenye kibanda cha chai, mama mwenye kibanda alimwona anakotoka. Akamimina chai, akakiweka kikombe chini kwenye majani, hatua nne kutoka pale aliposimama Philemon, akarudi nyuma. Philemon alinyoosha mkono kumsalimu mzee aliyekuwa ameketi pale. Mzee aliitikia shikamoo kwa adabu zote, lakini mikono yake miwili akaificha ndani ya blanketi.

"Mnamwogopa?" Philemon aliuliza. "Mnasema ni mchawi?"

"Sisi hatujasema kitu, afande," mama alijibu. "Kunywa chai, inapoa."

Akainywa akiwa amechuchumaa, peke yake. Kwenye daftari aliandika: wanamdhania mchawi. Maandishi hayo yalikuja kumchekesha baadaye, kicheko kisicho na furaha.

* * *

Saa nane mchana Land Rover ya polisi ilishuka Basotu. Huku jua lilikuwa kali, na ngano ilikuwa imesimama hadi mwisho wa macho, yote kimo kimoja, yote ikiinama upande mmoja. Hapakuwa na mtu. Katikati ya shamba kulikuwa na ploti ndogo ndogo zilizozungushiwa kamba, na mahali fulani ndani yake kitu kilikuwa kikitembea bila kuonekana, masuke yakifunguka na kujifunga. Philemon alisimama mpaka kilipojitokeza. Alikuwa kijana wa kilimo aliyevaa kofia ya majani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiwe Patriki uliyefanya hesabu hii?"

Patriki aliipokea karatasi aliyonyooshewa, akaitambua. Alikuwa bwana shamba wa majaribio ya mbegu, na mwezi uliopita mkuu wa polisi alimtumia hesabu ndogo. Chini ya karatasi aliandika kwa mkono wake: kwa bahati tupu, jambo hili lingetokea mara moja katika hamsini na sita, kiwango chetu ni moja katika ishirini, kwa hiyo si bahati.

"Hebu nieleze kama unamweleza mtoto," Philemon alisema. "Hiki kiwango ni nini?"

"Ni mpaka, afande. Nikipanda mbegu mbili, moja lazima itaishinda nyingine hata kama ziko sawa. Ndiyo bahati. Sasa najiuliza, ushindi huu kwa bahati tupu ungetokea mara ngapi? Ukiwa wa nadra kuliko mara moja katika ishirini, naacha kuamini bahati. Naamini mbegu."

"Kwa nini ishirini?"

"Ndivyo tulivyofundishwa. Kwa ngano inatosha."

"Na ngano ukiikosea?"

Patriki aliinua mabega. "Tunapoteza mbolea. Msimu mmoja, afande."

"Huyu C hapa, aliyeshinda mara tano katika sita. Ulijua ni nani?"

"Nilidhani ni mbegu." Patriki alianza kutabasamu, kisha akaona uso wa inspekta. "Niliandikiwa A, B na C. Shamba gani, sikuambiwa. Nilidhani ni mbegu, afande."

"Ni mama wa watu. Tunataka kumnyonga."

Kijana alikaa chini pale pale kwenye kamba. Upepo ulipita juu ya ngano, ukaenda zake. Philemon alimwonea huruma, lakini huruma ingesubiri. Alitoa mkobani bahasha nene iliyofungwa kwa uzi na lakiri.

"Kitabu cha wagonjwa cha mwaka jana. Kilikuwa hospitali ya wilaya, sijakifungua. Kwenye hati iliyokuja nacho wameandika vifo kumi na viwili tu. Tuvijumlishe na vile sita?"

"Hapana," Patriki alisema haraka. Sasa alikuwa amesimama. "Vile sita ndivyo vilivyowafanya mumshuku. Mbegu niliyoichagua kwa sababu imeota vizuri, siwezi kuisifu tena kwa kuota kule kule. Naipanda upya. Tumia hivi kumi na viwili peke yake. Na kiwango ukiseme sasa, kabla hujakata uzi. Ukishaona hesabu, utachagua kiwango cha moyo wako."

"Wilaya yetu na ya jirani zina wauguzi kama mia mbili," Philemon alisema taratibu. "Tuseme hakuna hata mmoja aliyemgusa mtu kwa ubaya. Nikiwapima wote kwa ishirini yako?"

"Utashika kumi. Wote hawana hatia."

"Kwa elfu?"

"Huenda usishike yeyote."

"Basi niseme milioni, nilale usingizi."

"Ukisema milioni umeshamwachia." Patriki alipiga hesabu kwa kijiti mchangani. "Hata akiwa ameua wote kumi na wawili, hesabu inafika moja katika laki tano na thelathini na moja elfu. Milioni haifikiki. Kuna makosa mawili, afande, kumshika asiye na hatia na kumwachia mwenye hatia. Ukilibana hili, lile linanenepa."

Philemon alimfikiria mama wa Sumbawanga na mikono yake ya moto. Kisha, kwa haki, aliwafikiria wagonjwa waliolala kwenye kituo kile saa hiyo hiyo, ambao yeye akikosea upande wa pili watakunywa kitu kwa kijiko. Mtu mwenye roho nyepesi angesema bora kosa hili au bora lile. Yeye aliona yote mawili ni maiti.

"Moja katika elfu," alisema. Akaandika, akatia sahihi na saa, Patriki naye akatia. Ndipo akakata uzi.

Walisoma pamoja, Philemon akitaja jina la muuguzi aliyesaini kila kifo, Patriki akichora mstari. Getruda. Getruda. Juliana. Getruda. Kufikia jina la saba sauti ya inspekta ilikuwa imeshuka. Walipomaliza mistari ya Getruda ilikuwa kumi.

Patriki alihesabu mara mbili kabla ya kusema. "Moja katika elfu moja mia nane thelathini na tisa."

Kiwango kilikuwa kimevukwa. Philemon aliitazama karatasi yenye sahihi mbili, wino wake haujakauka vizuri, na baridi ikamwingia mgongoni katikati ya jua lile la Basotu. Kwa hiyo kuna kitu. Ndani ya kituo kile chenye vitanda vinane kuna kitu kinachowapeleka watu kwa mama yule, na si bahati.

"Afande," Patriki alisema bila kumtazama. "Ungeandika elfu mbili, angepona. Tuko wawili tu hapa."

Shetani anajua kuchagua mahali pa kuzungumzia. Philemon aliishika kalamu, na kwa kweli aliitaka sana ile mbili. Kisha akaifunika kalamu.

"Maji yakimwagika hayazoleki. Nikiusogeza mpaka leo kwa huruma, kesho mkuu wangu atausogeza kwa hasira. Hesabu imesema si bahati, na mimi nakubali, si bahati. Imesema ni yeye?"

"Hapana. Hesabu haijui mtu." Patriki alionyesha ploti moja ya pembeni, ambayo ngano yake ilikuwa imekatwa mapema. "Ile pale mwaka jana ilitushinda zote. Si mara moja katika ishirini, ilikuwa ya ajabu kabisa. Tukaisifu mbegu mpaka barua zikaandikwa. Tulipochimba, palikuwa na zizi la watu waliohama. Samadi ya miaka thelathini."

"Mbegu haikufanya kitu."

"Ilikuwa tu juu ya zizi, afande."

* * *

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito zaidi. Philemon aliomba chumba cha dawa, akaketi na kile kitabu, akakisoma kwa namna ambayo hakukisoma Basotu. Jana alitazama vifo. Leo alitazama mwandiko.

Kila zamu ilikuwa na utaratibu. Muuguzi akiingia saa moja asubuhi hupima joto la kila mgonjwa na kuandika, hupima tena saa nne, tena saa saba, halafu humpokeza mwenzake saa nane. Mwandiko mmoja zamu nzima. Philemon alianza na mgonjwa wa kwanza kati ya wale kumi. Joto la saa moja liliandikwa kwa herufi ndogo zilizolala. Joto la saa nne liliandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama, za Getruda. Mgonjwa alikufa saa tano.

Alifunua mwingine, kisha mwingine. Alipomaliza wote kumi alikuwa ameinuka bila kujua. Katika vifo saba, zamu ilianzwa na mwandiko mwingine, na mwandiko wa Getruda uliingia katikati, saa moja au mbili kabla ya kifo. Zamu za Getruda mwenyewe zilikuwa na vifo vitatu kati ya kumi na viwili. Haikufika hata theluthi.

Alilitoa daftari lake la jana. Ulikuwa zamu? aliuliza. Nilikuwepo, mama alijibu, mara tatu, neno hilo hilo, na yeye kwa uvivu wa kalamu aliandika zamu. Alijilaani kwa Kimatengo cha kwao.

Kisha alimwita mwenye herufi zilizolala. Alikuwa Letisia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa hapa hapa, mume wake ana ng'ombe na mashamba ya mahindi. Alisimama mlangoni akiwa amejifunika shuka juu ya gauni jeupe.

"Mwandiko huu wa asubuhi ni wako?"

"Ni wangu."

"Na wa saa nne si wako. Iko hivi mara nne, Letisia. Mara tatu ni Juliana. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Labda nilikuwa naumwa."

"Mara nne, na kila mara mgonjwa anakufa baada ya saa moja? Ama wewe unawaumiza ndipo unatoka, ama unajua wanakufa ndipo unatoka. Nichagulie."

Letisia alitazama nyuma yake, kwenye weupe wa nje, kisha akaingia na kuufunga mlango. Alizungumza chini sana.

"Afande si mtu wa huku. Huku kwetu kuna meeta."

"Ni nini?"

"Ni kukaa kando. Nyumba ikifiwa, au mtu akiguswa na kifo, anakaa kando. Hachangii chungu na watu, hapewi mkono, ng'ombe wake hawanywi na ng'ombe wa wengine. Miezi, wakati mwingine mwaka. Zamani boma lilikuwa mbali na boma, mtu alikaa kando kwake, kidogo inavumilika. Sasa mmetupanga mlango kwa mlango. Watu wamezidi kuogopa. Wanasema hata muuguzi, roho ikitokea mikononi mwake, anairudisha nyumbani."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Serikali ya kijiji imepiga marufuku. Ukitaja tu, ni faini. Kwa hiyo hatutaji. Tunafanya tu."

Philemon alikumbuka chai chini kwenye majani. Uchawi haukuwepo. Walimweka yeye kando kwa siku moja, kwa adabu, kwa sababu alishika mkono uliofumba macho ya watu kumi na watano.

"Kwa hiyo mtu akianza kukata roho, mnamwita Getruda."

"Mara ya kwanza alikuja mwenyewe. Aliniona natetemeka. Akasema, Letisia, mimi sina boma hapa, sina ng'ombe, sina mtoto wa kukataliwa na watu. Toka nje." Letisia aliikaza shuka yake. "Baadaye tukawa tunamwita. Tukazoea. Halafu watu wakaanza kuhesabu, na sisi tukanyamaza. Yeye alituambia tunyamaze."

"Kesho nitaulizwa ushahidi, Letisia. Miandiko peke yake, wakili atasema alikuja kuwamaliza. Nahitaji mtu wa kusema alikuja kwa sababu aliitwa. Bila huyo, mama yule atakufa."

"Ukiandika jina langu, nyumba yangu inakaa kando kwa wote wanne. Binti yangu anaolewa mwezi wa tisa. Hawatamchukua."

"Najua sasa."

Hakumsihi. Alisogeza karatasi na kalamu upande wa pili wa meza. Nje mtu alipita, nyayo zake zikasikika na mwenyewe asionekane, zikafifia. Letisia aliketi. Kisha alishika kalamu, akaanza kuandika majina ya marehemu kwa zile herufi zake zilizolala. Philemon aliyasoma kutoka upande wake wa meza, moja baada ya moja, yote yalikuwa kitabuni. Baada ya la nne hakusimama. Aliandika la tano.

"Huyu Hhando simwoni kitabuni."

"Ni wa mwaka huu. Kitabu chake kiko kwa mkuu wako." Kalamu ilikuwa bado juu ya jina. "Ni baba yangu."

Philemon aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mtoto wa kike akishaolewa ni wa boma la mumewe. Msiba wa baba ulikuwa wa kaka zangu. Ila kama angefia mikononi mwangu, ningeuleta kwa mume wangu. Nilipoona pumzi zimebadilika nilimwita Getruda, nikatoka nje. Nilisimama hapo dirishani, ukungu kama huu, hata mkono wangu sikuuona. Nikamsikia ananiita. Letisia. Letisia. Macho yalikuwa yameshaondoka, afande, hakuona nani yuko. Mimi nimefunga mdomo kwa shuka hii. Akaita mara ya tatu. Nikasikia sauti yangu inaitika kule ndani, abee baba, niko hapa, sijaondoka. Kwa Kiiraqw chetu, vile vile ninavyosema mimi. Sikujua kama Getruda amejifunza. Nilijishika koo nijue kama ni mimi niliyesema."

Alitia sahihi chini ya yale majina matano, akaigeuza karatasi imtazame Philemon.

"Mzee alikufa anajua mtoto wake yupo. Mlete askari wako, nishuhudie mbele ya watu. Na uandike kwamba nilikuwa nje."